Mikono Miwili Haikutosha

Gideon Bundala alifia katika chumba cha upasuaji cha hospitali moja ya Kibaha, upasuaji wenyewe ukiwa umeshakwisha salama. Alikuwa na miaka mitano na alikwenda kutolewa ngiri.

Aliyemlaza usingizi ni Daktari Atupele, binti wa Tukuyu aliyekuwa mwaka wa pili wa masomo ya ubingwa wa usingizi. Chuo kilikuwa kimemleta Kibaha ajifunze chini ya Daktari Ashrafu, bingwa pekee wa kazi hiyo hospitalini hapo. Ashrafu alikuwa anafika asubuhi, anavaa nguo za kijani, anachungulia mlangoni na kusema, "Mko vizuri." Kisha anaondoka kwenda kwenye kliniki yake binafsi Dar. Ukimpigia simu anapokea, hilo tusimsingizie. Anapokea na kukuambia, "Wewe si daktari bwana? Utaweza."

Siku hiyo, Jumanne, Sadick, daktari wa upasuaji, alimaliza kushona, akavua glavu na kwenda kujiandaa na mgonjwa mwingine. Justa, muuguzi, akatumwa wodini kumleta huyo mgonjwa, maana orodha ilikuwa ndefu na kila mtu alikuwa anaharakishwa. Atupele akabaki peke yake na mtoto. Alipoutoa mpira wa kupumulia, koo la Gideon likajifunga.

Kwa watoto jambo hilo hutokea, na linatibika. Ila linataka watu wawili: mmoja abane barakoa usoni na kusukuma oksijeni, mwingine achome dawa ya kulegeza misuli. Dawa ilikuwa tayari kwenye sindano, pale mezani. Lakini mtoto alipojirusha, mpira wa dripu ulichomoka mkononi mwake, njia ya kupitishia dawa ikapotea. Atupele alibana barakoa kwa nguvu zote huku akipiga kelele, "Justa! Jamani! Mtu yeyote!" Hewa haikupita. Akiiachia barakoa, oksijeni inazidi kushuka. Asipoiachia, dawa inabaki mezani. Mwishowe aliiachia, akamchoma sindano ya paja, akairudia barakoa. Dawa ya paja huchelewa kufanya kazi kuliko ya mshipani. Justa na Sadick walipoingia mbio, moyo wa Gideon ulikuwa unasimama. Walimkandamiza kifua mpaka Sadick alipomshika Atupele mkono.

"Atupele. Basi, dada yangu."

Atupele alimpigia Ashrafu simu.

"Pole sana," Ashrafu alisema. "Hivi vitu vinatokea. Wazazi nitakuja kuongea nao mwenyewe, wewe usiwaambie kitu. Endelea na orodha. Ukikaa chini sasa hivi utaingiwa na woga."

Naye akaendelea. Alimlaza mama mmoja wa Sofu aliyekuja kuondolewa uvimbe. Hakuna aliyemuuliza kama alikuwa amekunywa hata maji. Jioni, kupitia dirishani, alimwona Ashrafu amesimama na baba na mama wa mtoto uani. Mama alikuwa ameketi chini, kanga imemwanguka begani. Baadaye Justa alimnong'oneza walichoambiwa: kwamba mtoto alikuwa na kasoro ya moyo ambayo hakuna aliyeijua.

Atupele hakulala siku kadhaa. Mwanzoni alidhani ni huzuni tu. Kisha akagundua kuwa kila akilisikia jina la Ashrafu anasaga meno kwa hasira.

Jumamosi alipanda basi hadi Mlandizi, akachukua bodaboda kwenda Vihingo. Familia ya Bundala ilihamia huko na ng'ombe wao kutoka Shinyanga, na kila aliyeulizwa njiani aliwafahamu. Alimkuta Bundala amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, na mkewe Maria akiwa kwenye mkeka pamoja na wanawake waliokuja kuhani.

"Shikamoo, baba."

Bundala hakuitikia. Alimtazama kuanzia viatuni hadi usoni.

"Wewe ndiye uliyemlaza."

"Ndiyo, baba. Nimekuja kuwapa pole. Na kuwaambia ukweli."

"Ukweli tulishaambiwa. Moyo mbovu." Bundala akacheka, kicheko kikavu kilichowanyamazisha wanawake wote. "Mtoto aliyekuwa anashinda akikimbizana na ndama mpaka tunamwita kwa fimbo aje kula! Moyo mbovu gani huo?"

"Moyo wake ulikuwa mzima," Atupele alisema.

Akawaeleza, kwa maneno ya kawaida, bila kujitetea. Koo, barakoa, dawa iliyokuwa mezani, jinsi alivyoita na hakuna aliyekuja kwa wakati. Maria aliinuka kwenye mkeka.

"Wewe bado unajifunza?"

"Ndiyo, mama. Ni daktari, lakini kazi hii ya usingizi bado najifunza."

"Na mwalimu wako alikuwa wapi?"

"Dar."

"Dar!" Maria alilirudia neno hilo kama mtu anayetema. "Mwanangu mmempa mtu anayejifunza, mwalimu wake yuko Dar, halafu mnakuja kunisingizia moyo wa mtoto! Mimi nimemzaa na moyo mbovu, eeh? Tangu siku ile najiuliza nilikula nini nikiwa na mimba yake. Kumbe!"



"Hata ng'ombe," alisema Bundala, "mtu akianza kuchunga natembea naye mwenyewe. Natembea naye msimu mzima. Ng'ombe hao." Akasimama. "Sasa nenda, binti. Umefanya vizuri kuja, lakini nenda. Nikiendelea kukuangalia nitafanya jambo baya."

Atupele aliondoka. Kwenye bodaboda alilia kwa hasira mpaka dereva akapunguza mwendo na kumuuliza kama anaumwa. Hakumkasirikia Bundala. Alimkasirikia mtu aliyevaa nguo za kijani na kusema "mko vizuri".

Jumatatu wa kwanza kwenye orodha alikuwa mtoto tena, binti wa Mwanakheri, mkulima wa Soga. Sadick alikuwa ameshanawa mikono. Atupele alisimama mlangoni.

"Simlazi huyu mpaka Daktari Ashrafu awe ndani ya chumba hiki."

"Unasemaje?"

"Umenisikia, kaka. Simlazi."

"Atupele, mtoto hajala tangu jana! Mama yake yuko pale nje! Unataka nimwambie nini?"

"Mwambie mwenye kazi yake hajafika."

"Hiki ni kiburi!" Sadick alifoka. "Una hofu kwa yaliyotokea, sawa, lakini usitufungie chumba!"

"Na wewe ulikuwa hapa!" Atupele alimfokea vilevile. "Uliniona nikiwa peke yangu, ukavua glavu ukaondoka! Nani alikufundisha hivyo?"

Mlango wa chumba cha pili cha upasuaji ulifunguka, akatoka Salumu, mwenzake Atupele wa mwaka wa kwanza, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji. Akasema na yeye hamlazi mtu. Justa akaenda kumletea mtoto uji, na kumwambia Mwanakheri kwamba upasuaji umesogezwa mbele, ila wakianza wataanza ipasavyo.

Ashrafu aliingia mchana, jasho limemlowesha shati.

"Wewe ni nani unifungie orodha? Unataka kunifundisha kazi?"

"Hapana," alisema Atupele. "Nataka wewe unifundishe mimi. Ndiyo sababu nililetwa hapa. Na nilikwenda Vihingo. Wazazi nimewaambia moyo wa mtoto wao haukuwa na kasoro."

Wauguzi wote walikuwa wamesimama koridoni.

"Utajuta," Ashrafu alisema.

"Najuta tayari, daktari. Tangu Jumanne najuta."

Binti wa Mwanakheri alifanyiwa upasuaji siku iliyofuata. Ashrafu alisimama kichwani pa mgonjwa kuanzia mwanzo mpaka mtoto alipoamka na kuanza kumlilia mama yake. Hakumsemesha Atupele neno zaidi ya kutaja dawa. Chumba kizima kilikuwa kimenuna. Lakini mpira ulipotolewa kooni, mikono minne ilikuwa pale.

Baadaye Ashrafu alikiandikia chuo kwamba Atupele ni mtovu wa nidhamu, na chuo kikamwongezea muda wa masomo. Salumu alipewa onyo. Ashrafu hakufanywa chochote, isipokuwa kwamba siku za upasuaji gari lake sasa lilionekana hospitalini mpaka jioni.

Bundala alipeleka malalamiko hospitalini kuhusu kifo cha mwanawe, akamtuma shemeji yake kumuuliza Atupele kama angesimama mbele ya kamati ya uchunguzi na kurudia yale aliyoyasema Vihingo, Ashrafu akiwa anasikia. Shemeji alimkuta Atupele anakula chipsi mayai nje ya geti la hospitali.

"Mwambie baba nitakuja," alisema, bila hata kuuliza ni lini.