Kauri na Bembea

Mwaka wa mia sita wa kalenda ya Kolam, kusini mwa Bara Hindi, siku ya Tiruvatira, sikukuu ya wanawake, jua lilipokaribia utosi, kauri za kuhesabia zilikuwa zimetapakaa mkekani barazani kwa Tupan, naye mwanawe Jatavedan ameshika kichwa.

Sharti la baba yake lilikuwa hili: atafute mzingo wa duara lenye kipenyo cha elfu moja. Achukue kipenyo mara nne, atoe theluthi ya hizo elfu nne, aongeze humusi yake, yaani sehemu ya tano, atoe subui, sehemu ya saba, aendelee hivyo. Akilifikia jibu la wazee, 3141 na ushei, kabla majani ya migomba hayajatandikwa kwa chakula, atakaa na baba yake kukokotoa kupatwa kwa mwezi. Akishindwa, nafasi ni ya binamu yake Ravi.

Hatua ya tisa ilimpa 3252. Ya kumi, 3041.

"Nikiongeza inapitiliza, nikitoa inapungua," alinung'unika. "Hii si hesabu, ni ulevi."

Uani, dada yake Papi alikuwa juu ya bembea, kama wanawake wote siku hiyo.

"Kaka, njoo unisukume!"

"Nina kazi."

"Kazi gani, kupanga konokono waliokufa? Haya, kaa. Bembea itatulia yenyewe katikati, nami nishuke nikale magimbi. Wewe utatafuna kauri!"

Jatavedan aliitazama ile bembea ikienda na kurudi, kisha akaziinamia kauri. Hatua ya kumi ilikuwa imetoa 211. Akairudisha nusu yake: 3146.

"Umepitiliza," alisema Tupan kutoka mlangoni. "Nimwite Ravi?"

"Subiri kwanza, Baba!"

Kila mwendo wa bembea ulikuwa mfupi kuliko uliotangulia. Basi nusu ya hatua iliyopita, 105, ilikuwa kubwa mno. Hatua ijayo ingekuwa 190, na nusu yake, 95, ni ndogo mno. Katikati ya hizo mbili?

"Mia moja! Kipenyo kugawanya kwa hatua nilizokwenda!"

3041 na mia: 3141.

"Umebahatisha," alisema Tupan.

Jatavedan akarudi hatua ya tisa. Kutoka 3252 akatoa elfu moja kugawanya kwa tisa, yaani 111. Zikabaki 3141.

Jikoni mama yake alikuwa ndiyo kwanza anapangusa majani. Tupan alizitazama kauri, akazihesabu upya kwa kidole, kisha akaketi pembeni mwa mkeka, akamwachia mwanawe nafasi kando yake na kumkabidhi mfuko wa kauri.

Jatavedan akauweka mfuko mkekani, akatoka uani, akamsukuma Papi.