Kiraka cha Landrova ya Mwalimu

Chuma humwambia fundi kinapoiva: hugeuka rangi, kikawa chekundu, ndipo fundi akajua kimekubali. Miraj alikuwa ameifuata kanuni hiyo tangu ujana wake, katika karakana yake ya kunyoosha bodi za magari pale Kaloleni, Voi. Alasiri ya Ijumaa akaifuata tena, nayo ikamtosa.

Gari lilikuwa Landrova ya zamani ya Mwalimu Donald wa Wundanyi. Mwalimu mwenyewe alikuwa mochari, akingojea kuzikwa Jumamosi. Kabla hajakata roho alimshika Miraj mkono, akamwambia, "Nipandishe kwetu kwa gari langu." Miraj akaitikia. Ahadi ni deni, na deni la marehemu halina wa kuliahirisha.

Ilikuwa imebaki bolti moja tu ya nyuma kufunguliwa ili ibadilishwe, ile iliyofunga sakafu ya bodi kwenye chesisi. Kutu iliishika kwa meno. Miraj akawasha gesi, akaelekeza moto, akangoja wekundu. Alijua fika kwamba bodi ya Landrova ni ya alumini, lakini haraka ilimrudisha kwenye mazoea ya chuma. Alumini haigeuki rangi. Ilibaki nyeupe vilevile, kisha ikalegea ghafla kama samli juani na kudondoka mchangani. Kwenye pembe ya sakafu, palepale ambapo jeneza lingelala, pakawa na tundu la kupitisha kichwa cha mbuzi.

Valentine, mwana wa marehemu, alifika akalikuta tundu hilo. Akalitazama, akamtazama fundi.

"Ziba kwa puti, fundi, upake rangi juu. Nani atainama kuangalia chini wakati wa matanga?"

"Puti haibebi mtu, Valentine."

"Ni safari moja tu. Baba hatalalamika."

"Baba yako hatalalamika. Wewe utakayekuwa usukanini jeneza likitumbukia barabarani, utalalamika."

Valentine akaondoka bila kuaga.

Miraj akazunguka mji mzima akitafuta bati nene la alumini. Maduka yalikuwa na mabati ya kuezekea, membamba kama karatasi. Jua likaanza kushuka. Aliporudi nyumbani mikono mitupu, macho yake yakatua jikoni, juu ya sufuria kubwa ya pilau aliyoirithi mkewe, Mwanatumu, kwa mamake. Harusi na matanga yote ya mtaa yalipikiwa humo.

Mwanatumu akamwona anavyoitazama. "Baba Khairat, usiniambie."

"Ni alumini, tena nene."

"Umeyeyusha gari la watu, sasa wataka na sufuria yangu? Kesho kutwa utakuja kunivua bangili."

"Mama Khairat, yule mtu alinishika mkono."

Mwanatumu akakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Hatimaye akaisukuma sufuria kwa mguu. "Chukua. Lakini uikate mbali, nisisikie."

Miraj akaikata, akalinyoosha bati lake, akatoboa matundu ya bolti. Chuma na alumini vikigusana hulana taratibu, hata vyote viwili vikawa unga. Kwa hiyo chini ya kila bolti akaweka kipande cha mpira wa tyubu. Alipokikaza kiraka, akakipiga ngumi. Kilikuwa imara. Bati kuukuu lililokizunguka ndilo lililomtia shaka, maana moto ulikuwa umelilegeza pia.

Asubuhi alimweleza mjane, Mama Loise, yote bila kuficha. Mama Loise alikuwa mwanamke mfupi wa maneno machache.

"Litafika?"

"Sijui, Mama. Nitapanda nyuma, mkono juu ya kiraka. Nikihisi kinaachia, nitawasimamisha."

"Basi twende."

Baada ya Mwatate barabara ikaanza kupanda, na kila kona ikalisogeza jeneza upande wa pembe ile. Miraj alipiga magoti, kiganja juu ya bati, akiomba kimoyomoyo. Kona zikapita. Tayari mashamba ya mgongoni mwa vilima yalikuwa yanaonekana aliposikia sauti ndogo, kama kitambaa kinachochanika. Kiraka kilikuwa kimeshika imara. Bati la zamani ndilo lililokuwa likipasuka kando yake, kutoka tundu la bolti moja hadi jingine.

Nyuma yao kulikuwa na magari ya waombolezaji, kwaya ikiimba. Kusimama hapo kungekuwa aibu mbele ya ukoo mzima. Labda lingehimili. Mpasuko ukafika kwenye kidole chake.

Miraj akagonga paa la dereva.

Valentine akashuka usukanini, uso umemwiva. "Fundi, nyumbani ni hapo juu tu."

"Hapo juu hatufiki."

"Ulimwahidi babangu."

"Nilimwahidi. Nimeshindwa." Miraj hakuinua macho.

Mama Loise akaja akainama, akaona mpasuko na kidole cha Miraj kikivuja damu. Hakumlaumu wala hakumsifu. Akawaita wanaume, jeneza likashushwa, likapandishwa mabegani.

"Nenda nao," akamwambia Miraj.

"Mama, mimi siyo wa ukoo."

"Sikukuuliza ukoo. Upande wa kushoto una pengo."

Miraj akaingiza bega. Mlima ulikuwa mkali na mzigo mzito, na hakuna hatua iliyompunguzia uchungu wa ahadi yake.