Jino la Bwana Nassor

Kidonda kilimtoka mama mkubwa Mwanatabu ndani ya shavu la kushoto, pale pale alipozoea kuweka tambuu na tumbaku yake tangu usichana. Daktari Mzungu ng'ambo ya feri alikitazama, akampapasa shingo, akasema maneno ambayo nilimtafsiria taratibu: ni saratani, bado ni ndogo, haijateremkia shingoni. Ikikatwa sasa, ana matumaini mazuri ya kuishi. Akingoja, hapana ahadi.

Nyumbani Mtongwe ukoo ukakutana. Kaka yake, Bwana Nassor, bingwa wa mikutano ya siasa, alikohoa kwanza kama aliye jukwaani.

"Mkoloni katunyang'anya ardhi, sasa atukate na mashavu? Uhuru ni Disemba. Tutakuwa na madaktari wetu. Ngoja, dada."

"Na harusi ya mwanangu je?" akadakia Zubeda, wifi yake mama mkubwa. "Nani atawatengenezea wageni uraibu wa tambuu kama yeye?" Alikuwa amemletea mgonjwa zawadi: tambuu mbichi, popoo na tumbaku kali. "Tafuna, wifi, kikauke."

Nilifungua mdomo. Wazee wakanigeukia, nikaufunga. Mama mkubwa akatafuna. Kidonda, ambacho hakikualikwa mkutanoni, kikaendelea kukua.

Halafu jino likamuuma Bwana Nassor. Alipiga kelele mtaa mzima ukaamka. Hakuitisha kikao. Alijifunga taya kwa leso ya mkewe, akawahi feri ya kwanza hadi hospitali ile ile, kwa Wazungu wale wale.

Habari zilimkuta mama mkubwa akipaka chokaa jani la tambuu. Mkono ukasimama.

"Jino lake halikungoja Disemba?"

"Halikungoja hata chai," nikasema, na sauti yangu mwenyewe ikanishtua.

Akatema, akafunga kijamanda chake cha uraibu, akavaa buibui. "Nishike mkono, mwanangu. Twende."

Kivukoni Likoni tulipishana na Bwana Nassor akishuka, shavu limevimba, pamba imemjaa kinywani.

"Wendapi, dada?"

"Kwa Wazungu wako."

"Lakini Uhuru..."

Mama mkubwa akamtia kijamanda mikononi. "Hiki mpe Zubeda, atafune na wageni wake. Uhuru ukifika kabla sijarudi, ukaribisheni kwa heshima. Uambieni sikuweza kuungoja, kwa kuwa nataka kuuona nikiwa hai."