Rapia Aliyoikaza Tilmann Peke Yake

Daraja la mto Wupper lilikuwa limeshabaki nyuma yetu, na Billa hakuwa amegeuka hata mara moja kuutazama mji. Mimi ndiye niliyekuwa nageuka kila baada ya hatua kumi, utadhani mimi ndiye mzaliwa wa Solingen na yeye ndiye mchuuzi aliyetoka Maastricht.

"Servaas, utateguka shingo," akaniambia. "Mji hautembei. Ulipouacha ndipo ulipo."

Tulikuwa tumefunga ndoa siku mbili kabla. Begani nilibeba mapanga membamba kumi na mawili ya tajiri wangu wa Köln, bapa tupu bila mipini, yamezungushiwa kitani chenye mafuta. La kumi na tatu nililishika mkononi peke yake kwa sababu lilikuwa zawadi. Baba yake Billa, Fundi Tilmann, alikuwa amelikaza kwa moto na maji jana yake, akanipa asubuhi ile mlangoni. "Hili si la tajiri wako," alisema. "Hili lenu." Halafu akaingia ndani upesi, kabla binti yake hajamaliza kujifunga kitambaa cha kichwani.

Kutufuata asingeweza, wala kuja kututembelea. Pale Solingen mtu wa kazi yake huapishwa angali kijana kwamba hatauhama mji mpaka afe, asije akaupeleka ufundi kwa wageni. Akitoroka, nyumba yake inachukuliwa. Mama yake Billa alikufa zamani, na watoto wengine hawakuwapo. Kwa hiyo kuagana kwao kulikuwa kuagana kweli.

Mimi nilikuwa nafika pale kila masika na kila vuli, mwaka wa tatu huo, kuchukua mapanga. Kilichoniingiza katika nyumba ile ni mdomo wangu. Mchuuzi wa upanga ule mwembamba huuza jina kwanza, na jina lenyewe hubadilika kila unapovuka mpaka. Nilikuwa nawasimulia mezani, tunakula mkate mweusi uliopakwa tufaha za kupikwa, na Billa anaacha kutafuna. Kule Toledo, niliwaambia, wanauita upanga wa nguo, maana mtu huuvaa pamoja na koti lake akienda kanisani au akienda kuposa. Vitani hawaendi nao. Ukivuka milima ukaingia Ufaransa unaitwa rapia, lakini wanalitamka wamekunja mdomo, kama kusema ule mti mrefu wa Mhispania anayejisikia. Nilikosea siku moja mjini Antwerp, nikamsifia bwana mmoja wa Kihispania rapia yake. Alinikimbiza mpaka kwenye meza za samaki. Na huku kwa Wajerumani, ukitaja rapia kwenye shule za kupigana, wanakuletea kitu butu chenye kifundo nchani, cha wanafunzi kuchapana nacho.

"Kwa hiyo Mhispania anaona nguo, Mfaransa anatukana, sisi tunacheza," Billa alisema siku ile. "Na anayechomwa je?"

"Huyo hapati nafasi ya kuuliza jina."

"Mimi nataka kuwasikia wenyewe wakiutaja," akasema. "Mmoja mmoja, kwa midomo yao."

Fundi Tilmann alimtazama, kisha akatazama mkate wake. "Ukifika kwangu hauna jina," alisema. "Una moto tu."

Nadhani alianza kumwachilia siku hiyo.

Kazi yenyewe niliiona mara nyingi. Wahunzi wengine walilifua bapa, wengine walilinoa. La Tilmann lilikuwa kulikaza. Alifunga dirisha ili moto uonekane vizuri, akavuta mivukuto, bapa likalala kwenye makaa. Billa alisimama nyuma yake na kikombe cha udongo. Kimya kinapita, halafu Billa anasema, "Baba, bia." Papo hapo Tilmann analitoa bapa na kulizamisha majini, mvuke unajaa chumba. Mtaani walimcheka, wakisema yule mzee hawezi kukaza chuma mpaka atajiwe pombe. Mimi nilicheka pamoja nao.

Mchana tukafika karibu na Opladen, nusu ya njia ya Köln, tukakaa kando ya njia kupumzika. Billa akavua viatu. Nikaona ndio wakati wa kuijaribu ile zawadi, kwani mchuuzi hampelekei mtu bapa ambalo hajaliinamisha kwa mkono wake. Nikalifunga kitambaa upande wa mpini, nikaegemeza ncha kwenye gogo, nikalikandamiza. Bapa zuri huinama mpaka likakaribia kuwa duara, na ukiliachia linanyooka kama halikuguswa. Hili halikufika hata nusu. Lilikatika kwa sauti ndogo, kama kikombe kilichoanguka.

Billa akaokota kipande, akatazama pale palipokatika. Chembe za chuma zilikuwa kubwa kama chumvi ya mawe.

"Limeungua," akasema. "Lilifika, likapita."

"Basi, hutokea. Hata fundi mkubwa—"

"Servaas. Baba ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mwaka wa nne huu haioni rangi ya moto."

Sikuelewa, na akaona sielewi.

"Chuma kikiwa chekundu kama cheri iliyoiva, namwambia bia. Kikiwa bado, nanyamaza. Kikizidi, naangusha kikombe."

"Ndiyo maana vikombe vyenu vyote vina nyufa," nikasema.

Akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio. Nikamshika mabega, nikangoja.

"Mbona hukuniambia?"

"Aliniapisha. Mji ule kila mtu ana kiapo chake. Wenzake wakijua, tanuri anapewa mtu mwingine, na yeye anabaki kuombaomba kanisani." Akajifuta kwa kitambaa. "Jana akaniambia macho yamerudi kidogo. Akasema, simama nje, nitakaza moja peke yangu. Nilisikia linavyolia majini. Halikulia vizuri. Lakini lilitoka limenyooka, na mimi nilitaka sana kuondoka."

Akaanza kuvaa viatu. Alivifunga taratibu, mafundo mawili kila kimoja.

"Wewe nenda, mume wangu. Tajiri anakusubiri. Vuli utanikuta nyumbani. Nitakuwa mkeo vilevile, wa mara mbili kwa mwaka. Wapo wanaoonana chini ya hapo."

Tangu nitoke kwetu sikuwa nimelala mji mmoja zaidi ya wiki sita. Miguu yangu ilikuwa hivyo na alijua. Nilikaa pale nikiitazama barabara ya Köln, pana, kavu, imeteremka vizuri. Mwenye mkokoteni mmoja akapita, ninayemfahamu, akielekea huko. Nikasimama nikampa ule mzigo wa mapanga kumi na mawili, nikamwelekeza kwa tajiri.

"Unafanya nini?" Billa akauliza.

"Kurudi ni kupanda mlima. Siwezi na mzigo."

Alinishika mkono, na hakuuachia mpaka darajani.

Tulimkuta Tilmann amekaa barazani, jua likiwa limeanza kuinama, kofia iko magotini. Alitujua kwa nyayo.

"Umesahau nini?" akamuuliza binti yake.

"Kikombe."

Mzee akanielekea mimi. "Lilikatika?"

"Lilikatika, Baba."

"Wapi?"

"Opladen."

"Opladen tu," akasema. "Mimi nilidhani litafika hata Köln. Nilidhani utaliuza bila kuliinamisha, kijana, kwa kuwa ni la mkweo."

"La mkwe ndilo nililianza."

Akatikisa kichwa, midomo inacheza. Kisha akanyoosha mkono hewani akimtafuta Billa. Billa akainama, akauweka uso wake katika kiganja kile chenye makovu, na mzee akaupapasa polepole, paji, pua, kidevu, kama mtu anayehakikisha kitu kimetoka majini kikiwa kizima.

"Mjinga wee," akamwambia. "Nilikuwa nimeshauzoeza moyo wangu kukukosa."

"Uzoeze upya," Billa akasema. "Umekula?"

Alikuwa hajala.

Tilmann alikaza mapanga miaka sita tena, na hakuna aliyejua. Alikufa kwa kifua wakati wa baridi. Tanuri alipewa binamu yake, aliyefanya kazi nzuri tu. Tajiri wa Köln aliyapata mapanga yake yote kumi na mawili, akaajiri mchuuzi mwingine. Mimi sikuapishwa, kwa sababu mgeni haapishwi. Nilikaa tu, nikabeba makaa na kuchota maji. Billa alizaa wasichana wawili. Mdogo hakuishi mwaka. Mkubwa, Drüdgen, aliolewa na mnoaji wa pale pale na ana watoto wanne. Billa alikufa mwaka wa tauni, hakuwa ametoka Solingen tena. Tulikaa pamoja miaka kumi na tisa. Niliondoka masika yaliyofuata, nikapita Ufaransa, nikafika Toledo, na sasa niko Liège kwa mjane anayepangisha vyumba.