Masomo ya Kubweka

Hemedi mshona kofia alikuwa na maradhi mawili yaliyojulikana Kasongo nzima: magoti yake, yaliyolia kila alipoinuka, na pwani, aliyoitaja kila alipokaa. Alizaliwa Tabora. Pwani yenyewe aliiona mara moja tu, siku arubaini za Bagamoyo, alipokwenda na msafara wa pembe, na katika siku hizo arubaini, thelathini alikuwa kitandani na homa. Lakini tangu ahamie Manyema, mtu hakuweza kula wali mbele yake asielezwe jinsi unavyopikwa pwani. Hemedi alijua kwamba anachosha watu. Aliyaona macho yao yanavyotafuta mlango. Akaendelea tu, kama mtu anayejikuna upele huku akijua anauzidisha.

Mwaka huo alilima mahindi nje ya mji, upande wa njia ya Nyangwe, na tumbili walilizoea shamba hilo kabla yeye hajamaliza kulipalilia. Walikuja asubuhi, jua likishapanda, bila haraka yoyote. Hemedi alikaa kwenye kibanda chake akishona kofia, wao wakakaa juu ya ua wakila mahindi, wakawa wanatazamana. Akitaka kuinuka, magoti yalitangulia kulia, na tumbili waliyajua magoti hayo. Walingoja yalie mara ya pili ndipo wasogee, tena hatua kumi tu. Siku moja aliwafukuza kwa nguvu zake zote, kanzu ikanasa kwenye kisiki, akaanguka kifudifudi katikati ya mahindi. Tumbili mmoja mkubwa akashuka kuja kuangalia kama amekufa.

Alirudi nyumbani na udongo kwenye ndevu.

"Nataka mbwa," akamwambia mkewe.

Mkewe Aziza alikuwa mwenyeji, binti wa Wazimba wa hapo hapo, mwanamke wa maneno machache. Miaka tisa ameolewa na Hemedi, na miaka tisa amesikia habari za pwani. Wakati huo alikuwa anaparua samaki, na paka wake wa kijivu, aliyeletwa kutoka Nyangwe ndani ya kikapu, amekaa katikati ya mkeka kama mwenye nyumba anayengoja kuandaliwa.

"Mbwa ya nini?"

"Ya kubweka. Pwani mwenye shamba hakimbii. Anakaa kitako, mbwa anabweka, tumbili wanakwenda zao."

Aziza akainua kichwa. "Kubweka," akasema.

"Kubweka. Bwe, bwe, bwe. Hujapata kusikia?"

"Sijapata," akasema Aziza, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Ila Hemedi hakuwa na desturi ya kusimama kwenye majibu ya mkewe akayatafakari.

Mwalimu wa chuo cha Kurani alipoulizwa, alisema mbwa wa kulinda shamba ana ruhusa, mradi awe analinda kweli, alale nje, na akigusa chombo kisafishwe inavyopasa. Hemedi akaahidi yote.

Mbwa alipatikana kwa Lukumani, mwindaji wa kijiji cha Lusangi, aliyekuja sokoni na nyama kavu. Walibadilishana, mbwa kwa kofia, kazi ya siku ishirini ya sindano. Mbwa mwenyewe alikuwa mwekundu kama udongo wa njia, miguu myeupe, mkia umejiviringa mgongoni kama kata ya kubebea mtungi. Kipaji cha uso wake kilikuwa na mikunjo kama cha mtu anayefikiria safari ndefu. Shingoni alivaa kengele ya mti iliyogonga ko-ko-ko kila alipogeuka.

"Kengele ya nini?" akauliza Hemedi.

"Ili tumusikie mule porini," akajibu Lukumani.

"Ivue. Mbwa wangu atasikika kwa sauti yake mwenyewe."

Lukumani alimtazama, kisha akamtazama Aziza. Aziza, aliyefuatana na mumewe sokoni, alikuwa anakagua nyama.

"Sauti yake?"

"Ndiyo, sauti yake."

"Haya, mungwana." Lukumani akaivua kengele, akaivaa kofia, akaipapasa kichwani. "Kofia iko muzuri sana." Akaondoka sokoni kwa mwendo wa mtu anayejizuia asikimbie.

Hemedi akampa mbwa jina la Mzinga, kwa ajili ya kishindo alichokitarajia.

Mzinga hakubweka. Siku ya kwanza Hemedi akasema ni ugeni. Siku ya pili, haya. Siku ya nne tumbili walishuka hatua chache kutoka pale alipolala. Mzinga akawatazama, akapiga mwayo, akalala upande wa pili. Nyumbani alijaribu kuingia mlangoni, paka akamchapa kofi la pua, na hata hapo hakutoa neno. Alirudi nyuma, akakaa, akaanza kujilamba miguu kama paka, jambo ambalo paka mwenyewe alilitazama kwa dharau.

"Koo linamsumbua," Hemedi akaamua. Akamchanganyia asali na tangawizi asubuhi na jioni. Mzinga akaipenda sana dawa hiyo, akawa anakuja kuidai kabla ya wakati. Hemedi akafikiria hata kumtafutia kombe, yale maandiko yanayooshwa kwa maji mgonjwa akanywa. Alikwisha fika nusu ya njia kwenda kwa mwalimu, mara akajiona alivyo: mtu mzima, ndevu zina mvi, anakwenda kumwombea mbwa kombe. Akageuka palepale, akajifanya alikuwa anakwenda kununua chumvi.

Ndipo akasadiki kwamba mbwa haumwi; hana elimu tu. Amekulia porini, nani angemfundisha?

Asubuhi iliyofuata alimpeleka shambani, akamkalisha mbele yake kati ya mistari ya mahindi. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akakohoa.

"Bwe," akasema.

Ilitoka nyembamba, kama mtu anayebisha hodi nyumba asiyoijua. Mzinga akakaza mikunjo ya kipaji. Hemedi akajaribu tena kwa kifua. Mara ya tatu akakunja magoti, akashika ardhi kwa mikono miwili, akafumba macho, maana aligundua kwamba akifumba macho sauti inashuka chini na kuwa nzito. Akabweka kama mbwa wa Bagamoyo waliomnyima usingizi siku zile za homa. Bwe! Bwe-bwe! Bwe!

Alipofumbua macho, Mzinga amelala juu ya upindo wa kanzu yake. Lakini juu ya ua hapakuwa na tumbili hata mmoja. Kule mtoni, chini ya shamba, majani yalikuwa yanatikisika, na suke la hindi lililoliwa nusu lilikuwa limeachwa njiani.

Hemedi alijiambia kwamba hilo ni faida ya pembeni tu, nia yake ni masomo. Akafundisha kesho yake, na keshokutwa, na wiki mbili nzima. Mwanafunzi hakusonga mbele hata hatua moja. Mwalimu ndiye aliyeendelea. Akajua kuunguruma kwanza ndipo abweke, akajua kukatisha katikati kama mbwa aliyesikia kitu, akajua hata kumalizia kwa kulia kwa mbali. Mahindi yakapona. Hemedi akawa anaamka mapema kuliko zamani, na njiani alipiga mluzi.

Zuberi, jirani yake wa shamba, mfanyabiashara wa mchele, ndiye aliyemkuta kwanza.

"Bwana Hemedi, nasikia mbwa wako kila asubuhi! Huku kwetu sijasikia mbwa wa namna ile. Huyo ni wa pwani, ama siyo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli, na Hemedi alipaona wazi kabisa. Alipaona, akapapita.

"Ah, mbwa wa kawaida tu," akasema kwa sauti ya mtu mnyenyekevu.

Habari zikazunguka mji. Barazani watu wakawa wanamkaribisha pahali pazuri, wakamuuliza mambo ya mbwa, na kwa mara ya kwanza tangu afike Kasongo walingoja jibu. Hemedi akaeleza jinsi mbwa anavyolishwa pwani. Akaeleza mengi asiyoyajua.

Siku moja mchana, Zuberi akafika nyumbani kwake na mgeni kutoka Kabambare, jina lake Amuri, mwenye mbuzi wengi na joho la kutosha watu wawili.

"Nimekuja kwa ajili ya mbwa," akasema Amuri, baada ya salamu. "Nilipata kusikia wabwekao Ujiji. Mbuzi zangu wanaibwa na chui mchana kweupe. Niambie unataka nini, nitakupa. Lakini kwanza nimsikie."

Mzinga alikuwa amelala kivulini. Wote wakamtazama. Mzinga akafumbua jicho moja, akalifunga.

"Habweki kwa wageni wenye adabu," akasema Hemedi.

"Basi twende shambani."

"Shambani hubweka asubuhi."

"Nimetembea siku tatu, Bwana Hemedi."

Hemedi akamtazama mkewe ili amwokoe. Aziza akajifunga leso vizuri. "Twende wote," akasema. "Na mimi nataka kumusikia."

Njia nzima Hemedi alitafuta la kusema. Alifikiria kuanguka na kuvunja mguu, lakini kwa magoti yale hakuna ambaye angeshtuka. Walipofika, ulimi wake ukajisemea wenyewe:

"Mbwa huyu ana haya. Akitazamwa habweki. Ninyi simameni hapa kibandani. Mimi nitaingia naye ndani."

Akamshika Mzinga shingoni, akazama naye katikati ya mahindi hata hawakuonekana. Akapiga magoti. Akafumba macho.

Baadaye alikuwa akikiri kwamba angebweka mara tatu tu, angepona. Lakini alikuwa na watu wa kumsikiliza, na mmoja wao ametembea siku tatu. Akaanza kwa kuunguruma. Akabweka kwa mfululizo, akakatisha, akasikiliza, akabweka upya kwa hasira ya mbwa aliyemwona chui. Akatia na mbwa wa pili, mdogo, anayejibu kutoka mbali. Huko kibandani akasikia sauti kama ya mtu anayelia, akajua ni mshangao, akaongeza bidii.

Alipofumbua macho kumtafuta mwanafunzi wake, Mzinga hakuwapo.

Hemedi akaachanisha mabua kidogo, akachungulia. Mzinga alikuwa amekaa kibandani, mbele ya miguu ya Amuri, kipaji kimejikunja, anayatazama mahindi pamoja na wengine. Aziza amesimama, mkono mdomoni. Zuberi amekaa chini kabisa, anafuta machozi kwa kilemba.

Hemedi akafikiri kutokea upande wa pili, avuke mto, aende Nyangwe akaanze maisha mapya. Kisha magoti yakalia, na kila mtu akajua yuko wapi.

Akatoka. Jani la hindi limening'inia kwenye ndevu, kanzu ina madoa mawili ya matope ya duara.

Amuri alimtazama kwa heshima kubwa. "Bwana Hemedi," akasema, "huyu mwekundu simtaki. Huyu aliyetoka sasa hivi, mnamtoa?"

"Huyo simutoi," akasema Aziza. "Iko na kazi."

Mzinga, kwa kumwona bwana wake, akainua shingo akatoa sauti. Haikuwa kubweka. Ilipanda na kushuka, kitu kati ya jogoo na mtoto anayecheka, ikazunguka shamba zima ikaisha. Watu wakatazamana.

"Ndiyo sauti yake," akasema Aziza. "Mbwa ya kwetu ikifurahi inaimba. Kubweka haijui."

"Umelijua hilo tangu lini?"

"Tangu nizaliwe."

"Na hukuniambia!"

"Ulikuwa unanieleza ya pwani," akasema Aziza. Kisha akaongeza, taratibu, "Na mahindi ilikuwa inapona."

Hemedi akatafuta hasira, akaikosa. Alichokiona ni yeye mwenyewe, wiki mbili, mikono chini, anamsomesha mbwa aliyelala. Kicheko kikamwanzia tumboni kikamkalisha karibu na Zuberi, na kila alipojaribu kunyamaza Zuberi alisema "na yule wa pili, mdogo," wakaanza tena.

Jioni hiyo, watu walipotoka kuswali alasiri, Hemedi alifanya haraka afike barazani kabla ya Zuberi. Akaisimulia habari yote yeye mwenyewe, na hakujipunguzia kitu. Aliweka na ile safari ya kombe, ambayo hakuna aliyeijua. Mwalimu alicheka hata kofia ikamwanguka, kisha akasema kwa uso wa hukumu kwamba ruhusa ni ya anayelinda, kwa hiyo Hemedi ndiye anayetakiwa kulala nje. Lakini mbwa anayemsindikiza mlinzi, akasema, hatutamfukuza.

Amuri akarudi Kabambare bila mbwa, ila na kofia mpya aliyopewa kwa usumbufu wake.

Nyumbani Hemedi alikaa mlangoni, Mzinga nje ya kizingiti, paka ndani ya kizingiti, kila mmoja ameangalia upande wake. Aziza alikuwa anachoma mahindi ya kwanza ya shamba. Hemedi akala suke zima. Kulikuwa na jambo linalomwasha, na aliona haya kuliuliza.

"Lakini niambie kweli," akasema mwishowe. "Kubweka kwenyewe kulikuwa kuzuri?"

Aziza aligeuza suke juu ya makaa, akafikiri sawasawa.

"Ile ya asubuhi ilikuwa muzuri," akasema. "Ya leo ulizidisha."