Mkia wa Mbio za Hisani

Muuza mkaa wa nyumba ya pili anaapa kwamba alimwona. Anasema alikuwa anapanga makopo yake ya mkaa kwenye kona ya hospitali, jua limeshachomoza, wala si kiza cha kumdanganya mtu macho, akamwona dobi wa hospitali anapita katikati ya barabara na ile fulana yake ya njano. Kandambili ya kulia inasema chwapu. Ya kushoto, iliyoungwa kwa waya, inasema kracha. Anatembea kama mtu anayesindikiza wenzake, na mbele yake hakuna mtu.

"Nikamsalimu," muuza mkaa alisema. "Kisha ndio nikakumbuka kwamba tulishamzika."

Polepole alimsikiliza huku anakaza kamba za viatu vya kuazima. Dobi alikuwa shangazi yake.

"Jirani, moshi wa mkaa umekupanda kichwani."

"Haya. Si leo wewe ndiye unayeshika nafasi yake? Utakuja kuniambia."

Polepole ndilo jina alilopewa na wodi ya kifua, kwa jinsi anavyopiga deki: taratibu, kona kwa kona, kama anayemwosha mtoto. Tangu juzi mwanawe mwenyewe alikuwa kalazwa humo, mbavu zikipanda na kushuka kama za kuku aliyekimbizwa. Mashine ya kuwasaidia wagonjwa kupumua ilikuwepo. Ilinunuliwa kwa fedha za mbio za mwaka jana, ikawekwa stoo ndani ya nailoni yake. Siku ya mbio mvua iliivunja sherehe kabla mgeni rasmi hajaikabidhi, na kitu kisichokabidhiwa hakifunguliwi. Funguo za stoo akaondoka nazo yeye. Wiki mbili baadaye shangazi alikufa kwa kukosa pumzi, ukuta mmoja tu ukimtenga na ile mashine.

Shangazi ndiye aliyekuwa mkia. Mkia ni mtu anayelipwa kutembea nyuma ya mkimbiaji wa mwisho, ili asiwepo mshiriki wa kusema alikuwa wa mwisho. Na kwa desturi ya mbio zile, mkia huvishwa nishani na mgeni rasmi kwa mkono wake. Hakuna mfagiaji mwingine anayemkaribia mtu yule hivyo. Ndiyo maana Polepole aliomba kazi hii: apate kumwomba funguo, uso kwa uso.

"Sikilizeni!" dada wa kamati ya mbio aliwaambia vibarua. "Watu wanakuja kufurahi. Ngoma zisinyamaze. Maji yawe baridi. Mtu akipita mshangilie kwa namba yake, hata kama anajikokota. Akifurahi leo, mwakani ataleta wenzake. Na madirisha ya wodi yafungwe mapazia. Hatutaki mtu akumbushwe ugonjwa."

"Mbio si za wagonjwa?" Polepole aliuliza.

"Mwaka huu ni za jengo la kuwekea mashine, dada yangu. Vaa fulana yako."

Fulana ilikuwa ileile. Kwenye pindo palikuwa na fundo la uzi alilofunga shangazi.

Na kusema kweli, raha ilikuwepo. Watu walikimbia wakicheka, baba kambeba mwana mabegani, wasichana wamejipaka rangi usoni. Penye kilima wapiga ngoma walitwanga mpaka miguu iliyochoka ikacheza. Wa mwisho alikuwa karani mmoja mnene, jasho likimtiririka kama paa linalovuja.

"Mama, usinikanyage visigino!"

"Songa, baba. Mimi nakula kwa mwendo wako."

"Basi utashinda njaa!" Wakacheka wote wawili.

Walipofika kwenye ua wa hospitali, mapazia yalikuwa yamefungwa. Ngoma zikabaki nyuma. Polepole alihesabu madirisha mpaka akalifikia la mwanawe. Pazia lilitikisika kidogo, na hapakuwa na upepo.

Karani akageuza shingo. "Mwambie mwenzako avue kandambili. Zinanichanganyia hatua."

"Mwenzangu yupi?"

"Huyo wa nyuma yako. Chwapu, kracha. Tangu kilimani hiyo."

Polepole aliendelea kutembea. Hakugeuka. Mkia hageuki, kazi yake ni kutazama mgongo wa aliye mbele, ndivyo shangazi alivyomfundisha. Karani alimtazama, akatazama tena nyuma yake. Hapakuwa na mtu. Halafu yule mtu aliyekuwa hawezi kunyanyua mguu akatoka mbio, na waliokuwa kwenye utepe wakampigia makofi kama bingwa.

Polepole akabaki peke yake barabarani. Alisimama kidogo. Nyuma nako hatua zikasimama. Akatembea. Chwapu. Kracha. Harufu ya sabuni ya mche ikampita begani, ile ya mashuka yaliyoanikwa. Hofu aliyoingoja haikuja. Kilichokuja ni kuona haya, kama mtu aliyetangulia kuketi na mkubwa wake bado amesimama.

Penye utepe mgeni rasmi alikuwa tayari, nishani mkononi, mpiga picha kapiga goti.

"Huyooo! Mkia wetu!" dada wa kamati alipaza sauti. "Vuka, tufunge! Muziki uzimwe!"

Muziki ukazimwa. Polepole akasimama, ncha za viatu zikigusa mstari.

"Vuka, mama," mgeni rasmi alisema, akitabasamu kwa ajili ya picha. "Wewe si ndiye wa mwisho?"

"Hapana, mheshimiwa." Alisogea pembeni taratibu, kama anavyowapisha watu wasikanyage deki. "Wa mwisho ni huyu. Wa mwaka jana. Hamkumvisha nishani yake."

Watu wawili watatu walicheka, wakanyamaza. Katika ule ukimya sauti ya kandambili ilisikika ikija, bila haraka, mpaka kwenye mstari. Mkono wa mgeni rasmi ulibaki hewani.

"Nishani hatuitaki," Polepole alisema. "Mwanangu yuko dirisha la tatu. Tunaomba funguo za stoo, mheshimiwa. Mimi na shangazi."

Mgeni rasmi alikuwa hamtazami yeye. Alikuwa anatazama chini, kando yake, pale lami kavu ilipokuwa inalowana, alama moja ya kandambili, kisha nyingine.

"Mheshimiwa," Polepole alisema tena. "Funguo."