Siku Madungu Yaliponyamaza

Asubuhi ya kuchagua mjumbe wa baraza, mwaka 1955, Biasha alipanda dungu lake la kulindia mahindi pamoja na binti yake Zaina, mwanamwali wa miaka kumi na minane, kisha akavuta ngazi juu.

"Leo tunalinda nyani au tunajificha nyani wasituone?" Zaina aliuliza.

"Lala chini. Kichwa chako kinaonekana."

Kutoka pale juu walikiona kiwanja chote cha Mtua: meza moja, karani wa bomani Nachingwea, na mbele yake kitabu chenye jalada jekundu. Kitabu hicho ndicho kilichomtoa Biasha jasho. Miaka saba iliyopita, siku za mradi wa karanga, karani mwingine alikuja kijijini kwao Lionja na kitabu kama hicho. Amri, mumewe, alitaja jina, akabonyeza dole gumba. Kabla ya mvua katapila likapita juu ya shamba lao, juu ya mikorosho, juu ya kaburi la mtoto wao wa kwanza. Walihamia Mtua, na Amri hakumaliza mwaka. Huku walikuta wengi waliofukuzwa vivyo hivyo. Akija mtu wa kuandika majina, kijiji kizima hakina mtu.

Leo walitakiwa kupanga mstari nyuma ya mmoja wa watu wawili. Mbaruku, shemeji wa jumbe, alikuwa amesema wazi kwamba akipata, atatia sahihi bonde lao apewe Mzungu mmoja mwenye matrekta. Saturnini, seremala, alipita nyumba kwa nyumba akiapa kwamba yeye hatatia. Watu walimpenda Saturnini. Walimpa uji, wakamwitikia kila neno, kisha wakapanda madungu.

Zaina alihesabu kwa kidole. "Kwa Mbaruku watano. Kwa Saturnini wanne. Mama, sisi wawili tunatosha!"

"Na tukiandikwa?"

"Basi piga ukelele. Shangazi Sofia yule pale, Bashiri yule kule, wote wamejilaza kama sisi. Ukiita wataitika."

Ilikuwa kweli. Kila siku ya msimu, dungu moja likipiga ukelele wa kufukuza nyani, jingine huitika, sauti ikapokezana hadi mtoni. Asiyeitika hufuatwa, watu wakamtazame kama yu hai. Leo nyani walikuwa wakivunja mahindi ya Bashiri mchana kweupe, naye kimya.

Biasha alifungua kinywa. Kule kiwanjani karani akainua kalamu. Biasha akafumba.

Zaina akashusha ngazi, akateremka mbio. Mama yake akamfuata, akimwita arudi, hadi mezani.

"Mmechelewa, mama," karani alisema. "Mbaruku kapita."

"Majina yetu..."

"Majina ya nini?" Akamfunulia kitabu. Zaina, aliyefika darasa la nne, akasoma ukurasa mzima: Mbaruku 5. Saturnini 4. Hapakuwa na kingine.

Saturnini alikuwa akijifuta vumbi. "Uji wenu ulikuwa mtamu, Mama Zaina," alisema, akaondoka.

Siku ya tisa baada ya uchaguzi, vigingi vya kupimia shamba la Mzungu vilifika kwenye mihogo ya Biasha. Alipanda dungu akapiga ukelele kwa nguvu zake zote, akangoja. Alimwona Sofia akiinamisha kichwa. Alimwona Bashiri akivuta ngazi yake juu. Halafu, upande wa Nachingwea, injini ikakohoa mara mbili, ikawaka.